Vitambaa Kwenye Bogenvilia

Ganda, Malindi
21 Januari 2024

Kwa mwanangu Damaris,

Pokea salamu kwanza, maneno yatafuata. Mimi mamako ni mzima, ila usingizi ndio haba. Babako yu mzima, na goti lake ni lile lile, kukiwa na baridi lalia, kukiwa na joto lalia. Kakako Masha na mkewe wamepata mtoto wa kike Jumanne. Wamempa jina la hawe wenu, bibi yenu wa Kaloleni, na kweli kilio chake anacho, watu wa mtaa wao wa Barani wote washajua kazaliwa. Mbuzi wamezaa wawili. Mvua hakuna.

Wanajumuiya wakusalimu sana. Tangu ulipoingia kwa masista sipiti njiani nikamaliza hatua kumi sijaitwa. "Mama Sista! Mama Sista!" Jedida mwenyekiti amesema siku ya nadhiri zako kina mama wote tutavaa kitenge kimoja, na mimi nitawekwa kiti cha mbele. Nimekubali. Wajua ahadi niliyoweka ulipokuwa na miaka sita, pale wodini, homa imekupanda kichwani na daktari ameanza kusema nami kwa sauti ya chini. Nilisema, Bwana, niachie huyu, nami nitakupa awe wako. Sasa nimempa. Nimefurahi. Nimefurahi sana.

Huko baridi yako vipi? Sweta la Masha lakutosha?

Sasa liko jambo. Niliingia kitaluni kwako kumwagilia yale madebe ya bogenvilia uliyoacha. Mwanangu, nilikuta vitambaa vimefungwa kila mche. Vyekundu, vyeupe, vyeusi. Wewe ni Mgiriama kama mimi, wajua rangi hizo tatu ni za nani na hutumika wapi. Jina la kazi hiyo siliandiki, barua hupita mikono mingi. Nilikuwa na Jedida, naye akaona kwa macho yake. Nijibu tu hili: kabla ya kuondoka ulikwenda Kaloleni siku mbili. Ulikwenda kwa nani?

Usiwe na wasiwasi, sisi tumeshafanya la kufanya.

Mamako akupendaye,
Kache


Nyumba ya Wanovisi
18 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mshike baba mkono umwamkie kwa niaba yangu, na umbusu huyo mwenye kilio. Barua yako imefika Ijumaa baada ya kukaa njiani karibu majuma manne. Unajua simu tulizikabidhi siku ya kuingia, na barua tunaandika moja kwa mwezi, kwa hiyo usihesabu siku ukaniona nimekutupa. Mimi ni mzima. Tunaamka saa kumi na moja, tunasali, tunalima viazi, tunasali. Baridi ya huku hukaa ndani ya viatu.

Mama, nimecheka mpaka Sista mlezi, yule anayetufundisha, akaja kuona nimepatwa na nini. Kaloleni nilikwenda kumuaga hawe! Akanipa nazi nne na kunitemea mate ya baraka utosini, basi. Vile vitambaa si vya mganga. Ni alama za rangi. Bogenvilia kabla haijatoa ua, jani ni lile lile, mwiba ni ule ule. Huwezi kujua itakuwa ya rangi gani. Kwa hiyo nilipokata vijiti kutoka kwa miti mikubwa, kila kijiti nilikifunga kitambaa. Nyeupe nilitumia ile shuka iliyochakaa. Nyekundu, leso yako ya zamani. Ya zambarau sikuwa na kitambaa chake, nikachana kaniki nyeusi ya hawe. Baba nilimweleza yote.

Nakuomba sana usiviguse. Mzee Musyoka wa Barani, yule aliyenijengea kivuli cha kitalu, binti yake Cindy anaolewa tarehe tatu mwezi wa nane. Niliwaahidi madebe arobaini ya bogenvilia nyeupe, yapangwe kuanzia langoni hadi kwenye kiti cha bibi harusi. Nyeupe tupu. Cindy nimekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, na harusini sitakuwapo. Kwa maua hayo ndivyo nitakavyokuwapo.

Majuma matatu kabla ya harusi, yanyime maji. Bogenvilia ikishiba hutoa majani tu. Ikiona kiu ndipo hutoa maua.

Ile asumini ya dirishani imechanua? Waridi la jangwani umelitoa mahali pa mvua kabla ya masika? Yale mahaibiskasi ya njano yana wadudu weupe?

Mwanao,
Damaris


Ganda
10 Machi 2024

Kwa mwanangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu hapa, na mbuzi pia. Tumesoma barua yako kwa furaha. Babako alitaka isomwe mara mbili. Hawe ameambiwa habari ya kaniki yake, asema ukirudi utamlipa kwa viboko.

Maua yote hayajambo. Vitambaa viko, vyapepea. Usifikirie tena jambo hilo.

Asumini imechanua, nyumba yote yanukia. Waridi la jangwani nimelitoa. Wadudu weupe nimewapulizia maji ya sabuni, wameanguka.

Musyoka alipita juzi na baiskeli, akaniuliza, "Kache, harusi yangu inakua?" Nikamwambia inakua.

Jedida auliza utachukua jina gani la kitawa. Kina mama wanabishana, wengine wasema Sista Monika, wengine Sista Yasinta. Kitenge kimeshachaguliwa, cha buluu chenye ndege. Tuandikie jina.

Vitambaa viko.

Mamako,
Kache


Nyumba ya Wanovisi
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai goti la baba limepoa na mtoto wa Masha amejifunza kunyamaza. Mimi mzima.

Nilikuja na kijiti cha asumini nimekificha kwenye soksi, nikakipanda nyuma ya jiko. Kimekufa. Udongo wa huku ni mweusi na mzuri, lakini usiku hushuka kitu kama barafu nyembamba, na asubuhi kila jani limeungua.

Masika yameanza huko? Madebe yana matundu, lakini hakikisha maji hayatuami. Mizizi ikianza kutoka chini, yainue juu ya mawe. Miche ya nyeupe huwa dhaifu kidogo, iweke upande wa mashariki ipate jua la asubuhi. Nani anapogoa? Usimwachie baba makasi. Ule mti mkubwa wa bogenvilia nyeupe, wa chooni, bado umesimama?

Jina bado nalitafakari.

Damaris


Ganda
19 Mei 2024

Kwa mwanangu Damaris,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa humu kitaluni kwako, maana ndani siwezi kuandika haya babako akinitazama. Wote wazima. Mtoto wa Masha ameanza kucheka. Mvua imepiga wiki tatu, njia ya Ganda yote matope.

Mungu anisamehe kwanza, halafu wewe. Nilikudanganya. Vitambaa havipo. Nilivichoma siku ile ile nilipoviona, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza.

Nikueleze ilivyokuwa. Jedida alikuja kuomba mboga, akachungulia kitaluni, akapiga ukelele, "Kache wee! Nyekundu, nyeupe, nyeusi! Mtoto wa Mungu kafungiwa pepo!" Mimi nikaamini. Nilijua siku zote kwamba kuna mtu hatapenda nikitimiza ahadi yangu. Akaita wenzake, wakaja sita. Tukafungua vyote, mia na ishirini, tukavirundika penye jiwe la kufulia, mafuta ya taa, kiberiti. Mmoja wao, Pola, akaleta maji ya baraka kwenye chupa ya soda. Tukaimba. Halafu, na hili ndilo baya kuliko yote, Jedida akasema madebe nayo tuyahamishe mahali, pepo wakirudi wasijue pa kuingia. Tukayachanganya, mwanangu. Tuliyachanganya kama karata.

Babako alikuwa kibarazani, akatutazama tangu mwanzo hadi majivu. Barua yako ilipokuja nikamwendea.

"Ngowa, mtoto alikueleza habari ya vitambaa?"

"Alinieleza."

"Na ulituona tukichoma?"

"Niliwaona."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaimba vizuri."

Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na moja.

Sasa nisikilize. Tangu mwezi wa tatu sikulala. Kila kukicha nipo humu, natazama jani, nageuza jani, nanusa jani. Kumwuliza mtu naona haya. Musyoka akipita najificha jikoni, babako amwambia nimekwenda mtoni, na hapa petu mto uko wapi? Ndipo masika yakapiga, miche ikachipua. Nikaona kitu. Mingine ncha yake yaja kijani kitupu, kijani cha maji, kama embe la kitoto. Mingine yaja na wekundu, kama ulimi wa mbuzi, na hata mshipa wa jani una wekundu. Nikajiambia, Kache, usikimbilie. Nikaenda kwa ule mti mkubwa mweupe wa chooni, ambao twaujua. Nikatazama ncha zake: kijani kitupu. Nikaenda kwa mwekundu wa uani: ulimi wa mbuzi. Nikaenda kwa wa zambarau: wekundu uliokolea, kama kahawia. Nikarudi mbio, nusura nianguke na ndoo.

Mche waonyesha rangi yake kwenye ncha, kabla ya ua. Hili mwalimu hakunifundisha, niliishia darasa la nne.

Nimepanga upya yote. Nyeupe ninazoziamini ni thelathini na nane. Mbili nazishuku, lakini sina nyingine. Zote arobaini nimeziweka mashariki kama ulivyosema.

Nikasirikie, lakini nijibu.

Mamako,
Kache


Ganda
23 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Barua ya mwezi wa tano haikuja. Ya mwezi wa sita sijaiona. Nimekwenda kwa Padri mara nne kuuliza sanduku la posta, mpaka mpishi wake asema niletewe kitanda. Umekasirika? Wewe mgonjwa? Kama ni hasira, nitukane kwenye karatasi, niione hati yako.

Nimezitoa barua zako mbili nikazilaza mezani. Mimi nasoma polepole, wajua, kidole chini ya neno. Nimehesabu mahali ulipotaja maua. Zaidi ya mara kumi. Kiti cha Cindy, wadudu, matundu ya madebe, makasi, mti wa chooni. Mahali ulipoandika nadhiri ni sifuri. Jina, umesema watafakari. Ulipokuwa mtoto ukitafakari kitu zaidi ya siku moja, hukitaki. Uji wa mtama ulitafakari mwaka mzima.

Labda nakosea. Zile mbili pia nazishuku tu.

Nataka kukuandikia jambo hapa na mkono wakataa. Kina mama wameshashona kitenge. Jedida kashona na kilemba. Na iko ile ahadi. Naamka nikiiona ile wodi, taa yake, godoro la mpira, na wewe umekuwa mwepesi kama kanga iliyokauka kambani. Mtu akimwahidi Mungu kitu halafu kitu kikarudi nyumbani, Mungu hufanya nini? Sijui. Naogopa hata kuandika.

Kesho kutwa nitakwenda kumwona Padri, si kwa habari ya posta.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Kache, mamako


Nyumba ya Wanovisi
21 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu, na umwambie kwamba sijacheka hivyo tangu nizaliwe. "Mlikuwa mnaimba vizuri." Nimewasomea wenzangu mezani, hata Sista mlezi alilazimika kuweka kijiko chini.

Sikukasirika. Mwezi wa tano niliandika barua tatu nikazichana zote. Mwezi wa sita sikuandika hata moja, kwa sababu nilijua nikiandika nitauliza tena mti wa chooni.

Mama, umeona ncha vizuri, na yangu pia.

Nimejaribu. Nataka ujue nimejaribu kwa moyo wangu wote, na watu wa hapa ni wema, hakuna aliyenitenda vibaya. Nikipiga magoti naomba kama wengine. Lakini siku moja Sista mlezi aliniita akasema, "Damaris, kila ninapokutazama kanisani unatazama dirishani, na kila ninapokutazama shambani unatazama kama mtu aliye kanisani. Nani alikuleta hapa?" Nikasema Mungu. Akasema, "Fikiri tena, usiharakishe." Nikafikiri siku tisa. Nikarudi kumwambia: ni mama.

Nisamehe. Tangu nina miaka sita nimesikia habari ya ile wodi kila Pasaka, kila msiba, kila mgeni akija. Niliona nimekula miaka isiyo yangu. Na barua zako zilisema umefurahi, kiti cha mbele, kitenge cha ndege. Ningekwambiaje? Ningekuacha wapi mbele ya Jedida?

Nimekubaliwa kuondoka Jumamosi, tarehe ishirini na nane mwezi wa tisa, nikimaliza mavuno ya viazi niliyoyaanza. Nitakwenda mpaka Malindi nisubiri giza liingie, kisha nipitie njia ya nyuma, kwenye mihogo, ili usiaibike. Usimwambie mtu. Nitakaa ndani mpaka watu wasahau.

Kama hutaki nije nyumbani, niandikie, nitaelewa. Nitakwenda kwa hawe.

Harusi ya Cindy ni karibu. Umeyanyima maji?

Damaris


Ganda
11 Agosti 2024

Damaris, binti Ngowa, mwanangu,

Salamu zako zimefika na babako ameitikia marahaba kwa sauti, peke yake, kibarazani. Halafu akachukua nyundo akaenda kurekebisha kitanda chako. Goti halijalia tangu jana.

Barua hii anaibeba Padri mwenyewe, ana mkutano wa huko bara, kwa hiyo utaipata mapema na hutakwenda kwa hawe.

Nianze na harusi. Niliyanyima maji kama ulivyosema, nayo kazi hiyo ni ngumu kuliko kuzaa. Kila jioni nakaa nimeshika ndoo, nayo yamelegea yananitazama. Siku ya kumi na nne yakaanza. Mwanangu, nyeupe! Nyeupe kama unga. Tuliyapanga kuanzia langoni kwa Musyoka hadi kwenye kiti cha Cindy, watu wa Barani wakasimama barabarani. Thelathini na tisa nyeupe. Ya arobaini, moja ya zile mbili nilizozishuku, ilikuwa na vitumba vidogo tu asubuhi ile, na nikaiweka karibu na kiti kwa kuwa ilikuwa na umbo zuri. Saa nane jua lilipoiva ikafunguka. Nyekundu! Nyekundu kama leso yangu. Nilitaka kujifunika uso. Musyoka akaja, akaitazama, akanitazama. "Kache, huyu nani kamwalika?" Kabla sijajibu Cindy akainuka na gauni lake lote, akaisogeza ikakaa mguuni pake, akasema, "Huyu ni Damaris, mwacheni." Picha zote wamepigia hapo. Anakusalimu.

Sasa la kwetu. Nilikwenda kwa Padri kama nilivyokwambia. Nikamweleza wodi, nikamweleza ahadi, nikamwambia, Padri, mtoto akirudi Mungu atamchukua? Aliniuliza, "Siku ile, mtoto alisema nini?" Nikamwambia, alikuwa na miaka sita, alisema anataka maji. Akasema, "Basi hiyo ndiyo ahadi yake. Yako ni yako. Mtu haweki nadhiri kwa kinywa cha mwenzake." Nikauliza, na yangu niifanyeje? Akasema kina mama wa wodi ya watoto hulala sakafuni bila mtu wa kuwapikia uji. Kwa hiyo Jumatatu na Alhamisi mimi sipo nyumbani. Nabeba sufuria. Nilichoahidi mimi nakilipa kwa mikono yangu, mikono yako iachie maua.

Na nikwambie lile lililokataa kuandikika mwezi wa sita. Sikufurahi. Tangu siku ulipoondoka sikufurahi hata siku moja. Nilikuwa nikiandika nimefurahi kwa sababu nilidhani Mungu anasoma.

Jedida nimemwambia mwenyewe, jana, baada ya kusoma barua yako. Usinikasirikie, safari hii sikutaka kuficha kitu nikaja kukifukua. Alilegeza leso yake akaifunga upya. Halafu akasema, "Kache, mimi kitenge nimeshashona, na kilemba, na sitakipeleka kwa nyanya yangu akivae. Siku akija tutavaa." Nikamwambia haji na nadhiri. Akasema, "Nimekusikia. Kwani ndege wa kwenye kitenge wanajua?" Kisha akaangua kilio, akaniomba msamaha wa madebe.

Kwa hiyo habari ya giza na mihogo sitaki kuisikia. Mihogo babako ameizungushia miba kwa ajili ya nguruwe mwitu, utachanika. Jumamosi lala kwa Masha, ubebe mtoto, akulilie ushibe. Jumapili panda gari la asubuhi ushukie mbele ya kanisa Misa inapotoka, watu wakiwa wamejaa njiani, na uje ukitembea katikati. Mimi nitakuwa pale nje, mbele kabisa, kiti wameniahidi na nitakikalia.

Mti wa chooni umesimama. Bogenvilia zimemaliza maua zataka kupogolewa, na makasi nimeyafungia kabatini babako asiyaone.

Mamako,
Kache